Picha ya Bibi Tatu

Kila alipotoka shuleni, Hilaria alivua sare, akala kiporo kilichokuwapo, kisha akachukua ndoo na kwenda bombani. Kiangazi kile visima vya kijiji cha Mazinde vilikuwa vimekauka, na foleni ya bomba lililobaki ilikuwa haiishi.

Ndoo ya kwanza ilikuwa ya nyumbani. Ya pili aliipeleka kwa Bibi Tatu, mjane aliyeishi peke yake kando ya shamba la mkonge. Miguu ilikuwa imemvimba, akawa anatembea kwa kujikokota. Bibi Tatu alikuwa Mwislamu na akina Hilaria walisali kanisani, lakini mama yake alimwambia, "Kiu haina dini. Mpelekee maji." Basi akampelekea, shingo ikimuuma. Hakuna aliyemsifu, na jambo hilo lilimchosha kuliko ndoo yenyewe.

Siku moja Dada Loveness, kiongozi wa watoto kanisani, alimkuta njiani, wakaongozana. Walipofika mlangoni kwa Bibi Tatu, Loveness akatoa simu.

"Simama hapohapo, nikupige picha."

Hilaria alinyoosha shingo na kutabasamu. Nyuma yake Bibi Tatu alikuwa mkekani, kichwa wazi, gauni limechanika begani, akila ugali kwa chumvi. Hakujua kwamba anapigwa picha. Hilaria alijua, akanyamaza.

Jioni ile picha ilisambaa katika kundi la simu la waumini, ikiwa na maneno: "Mtoto wetu akimhudumia maskini." Jumapili watoto walimpigia makofi. Kesho yake ndoo ilikuwa nyepesi kichwani.

Lakini mlango wa Bibi Tatu ulikuwa umefungwa.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba," sauti ilijibu kutoka ndani, bila mlango kufunguliwa. "Rudi na maji yako, mjukuu wangu."

"Kwa nini, bibi?"

"Jirani amenionyesha picha. Miaka yote niliyokata mkonge sikuwahi kutoka nje bila kujitanda. Leo watu wote wameniona kichwa wazi, na chumvi yangu wameiona."

Hilaria alirudi nyumbani amekasirika. Mama yake alikuwa ameketi kizingitini, ametoka kupalilia tangu alfajiri, mikono imejaa malengelenge.

"Nimejichosha bure," Hilaria alisema. "Mtu mwenyewe hana shukrani."

Mama alionekana hana nguvu hata ya kugomba. "Ungekuwa wewe, ungependa darasa lote likuone unakula ugali na chumvi?" aliuliza, akainuka kwenda kuwasha moto.

Usiku Hilaria alilifikiria swali lile, akajua jibu lake. Asubuhi alipita kwa Loveness, akamwomba aifute picha. Loveness aliinamisha kichwa, akaifuta. Lakini walioiona walikuwa wameshaiona.

Jioni, akitoka bombani, alimkuta Bibi Tatu ameketi vumbini kando ya njia. Kidumu chake kilikuwa kimeanguka na maji yote yamemwagika. Alikuwa akihema, na miguu yake imepasuka nyayo kwa mwendo.

Hilaria alitua ndoo, akapiga magoti.

"Bibi, nisamehe. Nilijua unapigwa picha, nikanyamaza. Nilitaka kusifiwa."

"Uliniumiza," Bibi Tatu alisema. "Nisaidie kuinuka."

Walikwenda polepole, bibi amemshika bega. Walipofika, Hilaria alimmiminia maji mtungini, akamwosha miguu iliyojaa vumbi na damu. Alipotaka kuondoka, bibi alimwekea kipande cha muhogo wa kuchemsha. Hilaria alijua ni chakula chake cha usiku, akataka kukataa.

"Kaa ule," Bibi Tatu alisema. "Au wewe tu ndiye unayejua kutoa?"

Hilaria aliketi mkekani, wakagawana muhogo ule.

Alifika nyumbani giza limeingia, akamsimulia mama yake yote. Mama alimsikiliza akikoroga uji, macho yanamfumba kwa uchovu.

"Siku ile Yesu alipowaosha wanafunzi miguu," mama alisema, "aliona nyufa na uchafu wote. Anayemwosha mtu miguu lazima auone. Lakini hakuita watu waje kuuangalia. Ukimsaidia maskini, mwanangu, mfunike pia. Na akikupa chake, pokea, kwa sababu naye ni mtu kama wewe. Sifa tafuta kwa Mungu; hazihitaji picha."

"Kesho nitaenda tena, mama. Ila shingo inaniuma."

"Najua," mama alisema, akaweka mwiko chini na kuanza kumkanda shingo kwa mikono yake yenye malengelenge.