Kiherehere na Kompyuta ya Mjomba

Kila siku baada ya masomo, Kiherehere alipitia studio ya mjomba wake, mpiga picha aliyekodi chumba kando ya barabara, baina ya kinyozi na duka la viatu. Alifagia, akapanga viti vya wateja, kisha akakata picha za vitambulisho kwa mkasi bila kupunguza sikio la mtu. Jina lake halisi lilitumika shuleni wakati wa kuita mahudhurio tu. Kwingine kote alikuwa Kiherehere, kwa kuwa alijibu swali kabla halijaisha na kuvuka barabara kabla ya kuambiwa twende.

Kazi aliyoichukia ni kusubiri kompyuta. Mjomba aliiwasha, akaenda kupiga soga kwa kinyozi, akarudi na kuikuta bado inahema. Feni yake ilinguruma kama mashine ya kusaga.

"Kwako mtu anapigwa picha akiwa kijana, anakuja kuichukua akiwa na mvi," kinyozi alipenda kumtania.

"Na kwako anaingia na nywele, anatoka na ramani kichwani," mjomba alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Kiherehere hakucheka. Alimwonea mjomba huruma.

Siku moja mwalimu wa kompyuta, mama mrefu asiyejua kuharakisha neno, aliwakusanya wanafunzi mbele ya kompyuta kuukuu ya shule.

"Hii haijafa," alisema. "Imebebeshwa mzigo inaoshindwa kuubeba. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziongoza nyingine zote. Mfumo wa hii ni mzito. Leo tutajaribu mwepesi. Tena huu ni huria: yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuuchunguza ulivyoundwa na kumgawia mwenzake."

Alichomeka flashi, akaiwasha kompyuta. Muda si muda skrini ikang'aa, madirisha yakafunguka kama milango iliyotiwa mafuta. Darasa likanong'ona.

"Sikilizeni vizuri," mwalimu aliendelea. "Ukiujaribu hivi, kutoka kwenye flashi, vitu vilivyomo kwenye diski haviguswi. Ukizima na kuchomoa, kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Lakini kuusakinisha, yaani kuuweka ukae ndani ya kompyuta yenyewe, ni jambo jingine. Huko ni kama kuhamia kwenye nyumba: aliyekuwemo anatolewa pamoja na vyombo vyake. Usithubutu kabla ya kunakili mafaili mahali pengine na kupata ruhusa ya mwenye kompyuta."

Wakati huo Kiherehere alikuwa ameshafika studio kwa mawazo, akimwona mjomba anavyoshangaa. Maneno ya mwalimu yaliingia sikio hili yakatokea lile. Kipindi kilipokwisha, aliomba aazimwe flashi.

"Kujaribu tu," mwalimu alimwambia. "Umenisikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

Alipofika studio, mjomba alikuwa akitoka na kamera begani. Duka jipya lilimwita alipigie picha bidhaa zake. "Niangalizie hapa, mama, sikawii," alimwambia mpwa wake.

Kiherehere hakungoja avuke barabara. Alichomeka flashi, akawasha. Kompyuta ile kongwe iliamka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akafungua hiki, akafunga kile, akachora nyumba yenye moshi. Hapo angezima, akamngoja mjomba, mambo yangeishia kwenye furaha. Lakini aliona pembeni ya skrini neno "Sakinisha", akawaza kwamba akichomoa flashi, ule uzito utarudi pale pale. Afadhali mjomba akute kazi imekamilika.

Akabonyeza. Kompyuta ikamwonya kwamba diski yote itafutwa, ikamuuliza kama iendelee. Aliyasoma maneno hayo kama mtu anavyosoma tangazo ukutani huku akipita. Akabonyeza "Endelea".

Kazi ilipokwisha, kompyuta ilijiwasha upya, safi na nyepesi. Safi mno. Kiherehere alitafuta folda yenye picha za harusi ambazo mjomba alikuwa akizirekebisha tangu wiki iliyotangulia. Hakuiona. Akafungua mahali pa kuhifadhi picha, akakuta patupu. Kadi ya kamera mjomba alishaifuta ili afanyie kazi nyingine, na maharusi walitarajiwa kuja mwisho wa wiki.

Akaizima kompyuta, akachomoa flashi, akakaa mbali nayo. Wazo likamjia polepole: mashine ilikuwa mbovu, mtaa mzima unajua. Akisema imejifuta yenyewe, nani atabisha? Kinyozi mwenyewe atakuwa shahidi.

Mjomba akaingia, jasho usoni. "Mbona kimya? Umeme upo?"

"Upo."

"Basi ngoja nizihamishie humu hizi za leo, niwahi kuwapelekea." Akanyoosha mkono kuiwasha.

Kiherehere alitazama ule mkono. Ulikuwa ukimlisha tangu baba yake aliposafiri kutafuta kazi.

"Mjomba, usiiwashe," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Nilitaka iwe nyepesi. Nimeifuta yote. Ni mimi."

Mjomba alivuta kiti cha wateja akakaa. "Na za harusi?"

Kiherehere aliitikia kwa kichwa kwamba nazo zimefutika. Alitamani agombezwe. Mjomba hakugomba. Aliishusha kamera begani, akasema, "Kamwite mwalimu wako."

Mwalimu alikuja na diski yake ya pembeni mkobani. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Baada ya kusakinisha, mmehifadhi kitu chochote humu?"

"Hapana. Mjomba alitaka kuhamisha picha, nikamzuia."

Mwalimu akashusha pumzi. "Basi tuna matumaini. Faili likifutwa, mara nyingi haliondoki papo hapo. Mahali pake panahesabiwa kuwa patupu, nalo linabaki pale mpaka kije kitu kipya kulikalia."

Aliwasha kompyuta kwa flashi ile ile, safari hii bila kuigusa diski, akaanzisha programu ya kutafuta mafaili yaliyofutwa na kuyahifadhi kwenye diski yake. Wakangoja. Bibi harusi akaibuka kwenye skrini peke yake. Kikafuata kiatu cha mtu, halafu bwana harusi akipiga chafya. Mjomba alijikuta ametabasamu bila kutaka.

Zilirudi nyingi, ila si zote. Nazo zilirudi bila majina wala mpangilio, zimechanganyika na nyuso za vitambulisho za miaka mingi. Kila siku baada ya masomo Kiherehere alikaa kando ya mjomba wakizipanga moja moja, mpaka macho yakamwasha. Maharusi walipokuja, mjomba aliwaeleza wazi kwamba picha chache za wageni wakiingia zimepotea. Bibi harusi alinuna. Mumewe aliuliza maswali mengi. Mwishowe walizichukua, na kabla ya kufika mlangoni walikuwa wameshaanza kuichekea ile chafya.

Walipokwisha kwenda, Kiherehere aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mjomba."

"Nilikusamehe siku ile ile," mjomba alisema. "Lakini nikuambie kitu. Haraka yako ilitaka kutuponza. Kitu cha mtu hakitengenezwi bila yeye kujua, hata kwa mapenzi. Kilichotuokoa ni ulimi wako. Ungenidanganya, mimi mwenyewe ningemwaga picha za dukani juu ya zile za harusi, tusizipate tena. Ukikosea, sema mapema, kingali kipo cha kuokoa."

Akausogeza mkono wa mpwa wake kwenye kipanya. "Haya, nifundishe huu mfumo wako mpya. Uanze na namna ya kunakili picha kwenye diski nyingine."