Saa ya Kuvuka Theluji

Jua lilikuwa limekwisha panda walipoufunga mlango. Harkabir alitangulia na mzigo wa unga na blanketi. Mkewe Jasmati alifuata. Walikuwa wanakwenda juu kuchimba uyoga wa dawa, riziki ya mwaka mzima kwa watu wa milima ya Rukum. Wenzao walipita kabla ya alfajiri. Wao walingoja saa nne, maana mnajimu alisema ndiyo saa njema.

Saa tano wakafika kwenye korongo la theluji. Jirani yao Purna, aliyewahi kubeba mizigo ya wapanda milima, alikuwa akichunga mbuzi hapo.

"Usivuke, ndugu yangu," alisema. "Usiku theluji huganda ikashikana. Jua likiipiga hulegea. Huoni vijiwe vinaporomoka? Na lile wingu linalovimba kileleni litaleta mvua ya mawe. Rudi, uvuke kesho alfajiri."

"Kesho si siku yangu. Nikirudi nimeivunja safari."

"Theluji haimjui mnajimu wako!"

"Sema magoti yamechoka, mzee!"

Harkabir akacheka, akaingia korongoni. Jasmati alikuwa bado anakaza kamba ya mzigo. Alisikia kishindo. Alipoinua kichwa, korongo lilikuwa tupu.

Wanakijiji walichimba theluji iliyoporomoka siku nane. Siku ya tisa mto ulio chini ya korongo uliitoa maiti yake.

Mwaka uliofuata ghala lilikuwa halina kitu. Binti yao Dhanmaya akasema atakwenda yeye mlimani. Jasmati akaenda kwa Purna.

"Mnajimu kampa Jumatatu, saa tano. Nikimkataza, tutakula nini? Nikimwacha, nitamchimbua kama baba yake."

"Saa tano hiyo toa kifurushi cha mchele, kiweke barazani kwangu. Kwa hesabu ya mnajimu, safari itakuwa imekwisha anza. Yeye aondoke nami Jumanne kabla ya jua. Wazee walifanya hivyo."

Jasmati alimkodolea macho. "Kifurushi tu? Mbona hukumwambia Harkabir?"

Purna aliinamisha kichwa. "Nilibishana naye juu ya theluji. Mambo ya saa niliyadharau, shemeji."

Jasmati alikaa kizingitini. Hata kulia hakuweza.

Dhanmaya alivuka theluji ikiwa ngumu kama jiwe, akarudi na uyoga wa kutosha. Siku hizi kijiji kizima hutanguliza vifurushi, na korongo halijaua mtu tena. Purna alikufa kwa kifua. Mnajimu yupo. Maiti ya Harkabir ilichomwa kando ya mto, kama desturi yao. Jasmati anaishi na binti yake, haongei sana.