Ubao wa Kuku

Jumapili Njoki wa Kabazi alipata wageni wa jumuiya ya kanisa. Wageni bila kuku? Haiwezekani! Alichinja, akakatakata nyama kwenye ubao, akaupangusa kwa kitambaa. Papo hapo akakatia kachumbari, kwa kisu kile kile. Kachumbari iliyobaki ililiwa na Shiko, mtoto wake wa miaka mitatu.

Jumanne asubuhi Shiko alitapika. Akaharisha maji matupu. Mwili ulikuwa moto, na tumbo lilimkata hadi akajikunja. Njoki alichukua kikombe cha maji.

"Weka chini!" alisema Cucu, mama mkwe wake. "Maji yanaongeza kuhara. Wacha tumbo likauke."

"Lakini Cucu, ana kiu."

"Mimi nimelea watoto wangapi?"

Njoki akaweka kikombe chini. Maskini, hapo ndipo alipokosea tena.

Kufika saa sita, Shiko alikuwa akilia bila machozi. Macho yameingia ndani, midomo imekauka. Njoki aliogopa sana. Alimwita jirani yake Jepkoech, mhudumu wa afya ya jamii.

"Amekojoa leo?" Jepkoech aliuliza.

"Hapana."

"Ngai!" Cucu alishtuka.

"Anaishiwa maji mwilini, na hiyo ndiyo inaua," alisema Jepkoech. Alichanganya unga wa ORS, wa kurudisha maji mwilini, na maji safi. "Mpe kijiko, ngoja kidogo, mpe kingine. Akitapika, pumzika, kisha uendelee. Twende zahanati sasa hivi, tukimpa njiani. Na siku ukiona damu kwa choo, usingoje hata kidogo."

Cucu alichukua kijiko. "Leteni mtoto. Nitampa mimi."

Njiani Jepkoech aliuliza walichokula. Njoki akamweleza.

"Vijidudu vya kuku mbichi viliingia kwa kachumbari. Kuku akiiva, vinakufa. Kachumbari nayo haipikwi."

"Kumbe ni mimi!" Njoki alishika kichwa.

"Hukujua, mama Shiko. Kata mboga kwanza, kuku baadaye. Halafu osha ubao, kisu na mikono kwa sabuni."

Zahanatini waliongezewa ORS na tembe za zinki. Jioni, wakiwa wamerudi nyumbani, Njoki alikuwa akisugua ubao kwa sabuni, kama anavyofanya mpaka leo. Ghafla Cucu akapiga kelele sebuleni. Njoki alikimbia.

Shiko alikuwa amelala mapajani mwa nyanya yake. Sketi ya Cucu ililowa chepechepe.

"Nipe nimbadilishe, Cucu."

"Wacha kwanza!" Cucu alikuwa akilia na kucheka. "Mtoto amekojoa! Asante Mungu, amekojoa!"