Wali Mweusi wa Dona Perpétua

Kwanza apa. Sema: nikilitoa hili, ulimi wangu uote ukungu. Umeapa? Haya. Na mimi niliapa vivyo hivyo mbele ya Zulmira muuza samaki, na Zulmira aliapa mbele ya padri, na kabla mkate wa jioni haujapoa kila jirani wa ngazi yetu alikuwa anajua. Basi tusidanganyane. Siri ya Ribeira, mtaa wetu wa kando ya mto, haifi, inahama nyumba tu.

Ilikuwa mwezi wa saba, siku ya kawaida kabisa. Idalina, binti wa mzee Abílio, aliamka, akampangusa baba yake uso, akamwekea maziwa na mkate wa mahindi karibu na kitanda, akashuka kazini. Kazi yake ni kutembeza wageni hapa Porto. Huwapokea chini ya daraja la chuma, akawapitisha vichochoroni penye nguo zinazochuruzika maji, akawalisha sardini wa kuchoma na supu ya matumbo, akawanywesha divai changa inayotekenya pua, akawaonyesha ng'ambo ya mto yalipo maghala ya divai tamu. Adhuhuri huwafikisha mkahawani kwa Dona Perpétua, chini ya nyumba ileile anayokaa yeye na baba yake. Hapo ndipo kilele cha safari: wali mweusi.

Wali huo hupikwa kwa lampreya. Kama hujawahi kumwona lampreya, mshukuru Mungu wako. Ni samaki mfano wa nyoka aliyenyimwa taya. Mdomo wake ni tundu la duara, na ndani yake meno yamepangwa pete juu ya pete. Humgandamia samaki mwenzake ubavuni, akamfyonza mpaka abaki gunia. Sisi tunamleta mzima, tunamchinjia juu ya bakuli lenye siki ili damu isigande, na damu hiyohiyo ndiyo mchuzi wa wali. Unatoka mweusi, mzito, unang'aa kama tope la mtoni. Tunaupenda. Kila mji una uchafu wake mtamu.

Wageni huogopa ile rangi. Kwa hiyo Idalina alikuwa na desturi: kijiko cha kwanza ni chake. Anakijaza, anakiinua wote waone, anakifyonza, anafumba macho, analamba midomo. Hapo wageni hucheka na kuanza kula. Alifanya hivyo tangu Pasaka, kila siku ya kazi.

Na tangu Pasaka baba yake alikuwa akipukutika. Abílio, aliyekuwa akibeba mapipa begani, mwenye shingo kama ya fahali, sasa alikuwa mweupe kama nta, masikio yanapenyeza mwanga. Daktari alisema ni moyo, ni uzee, akaandika dawa za matone. Idalina hakuwa na mwingine duniani. Mama alishazikwa, ndugu hana. Kila akipanda zile ngazi alikuwa akisikiliza kwanza kama mzee anapumua.

Aliyemfaa ni Dona Perpétua. Mjane yule, wali ukishatulia jikoni, alikuwa akipanda na chupa ya mafuta kwenda kumkanda mzee mgongo na kumwumika kwa bilauri za moto zinazovuta ngozi, kama walivyofanya bibi zetu. Mgongo wa Abílio ulijaa alama za duara, nyekundu juu ya zambarau. Idalina aliziona na kushukuru. Sisi wengine kwenye ngazi tulisema Perpétua anajitafutia mume wa nne. Mdomo wetu nao.

Siku hiyo wageni walikaa mezani nje, mmoja wao bwana mrefu kutoka Denmark, mwenye pua iliyoungua jua. Idalina alishaonja kijiko chake. Zulmira akapita na beseni lake la samaki, akasimama.

"We Idalina, unawalisha nini hawa viumbe wa Mungu?"

"Si unaona, mama. Wali wa lampreya."

"Mwezi wa saba? Msimu wa lampreya huisha ndege kekeo akianza kuimba, naye ameimba tangu Aprili, amechoka, amekwenda zake. Mtoni hakuna lampreya hata wa dawa."

"Ni wa barafu."

"Wa barafu ndiyo, nimemuuzia Perpétua mimi mwenyewe. Mkavu kama mkanda wa suruali. Damu yake ilimwagwa zamani." Akainamia meza. "Sasa huu weusi umetoka wapi?"

"Labda kuku. Usinifukuzie wageni, Zulmira."

Zulmira alichovya kidole katika sahani ya bwana wa Denmark bila hata kumtazama. Akanusa. Uso ukamlegea.

"Ya kuku naijua," alisema, sauti imeshuka. "Ya nguruwe naijua. Harufu hii, mwanangu, niliisikia nilipojifungua."

Akakipangusa kidole kwenye aproni. Akakipangusa tena. Akaendelea kukipangusa.

Idalina alitaka kucheka. Badala yake aliusikia ule uchungu nyuma ya ulimi. Uchungu mdogo, wa majani, ambao alidhani ni kiungo kipya cha Perpétua. Uliingia katika wali wiki ileile baba yake alipoanza matone ya moyo. Matone hayo alikuwa akimwonjesha mwenyewe kila asubuhi, na kila asubuhi alikuwa akilamba kijiko. Ladha ilikuwa moja.

Kulikuwa na kitu kimemkwama jinoni. Utando. Akauvuta kwa ukucha. Ukavutika, mrefu, mwekundu.

Aliinuka. Aliingia ndani. Jikoni sufuria lilikuwa likitokota peke yake, likitoa mapovu meusi yanayopasuka polepole. Akashika ngazi.

Wageni nao wakaacha vijiko, wakamfuata. Walidhani ni sehemu ya matembezi. Bwana wa Denmark alikuja na bilauri yake ya divai mkononi. Sisi majirani tukatoa vichwa milangoni, tukafuata nyuma yao.

"Leo mnatembezwa vyumba vyetu vya kulala?" akauliza mmoja wetu.

"Nyamaza," alisema Zulmira.

Ngazi zile ni nyembamba, zinanuka kabichi na ukuta mbichi. Siku hiyo zilinuka siki. Kadiri tulivyopanda, siki ilizidi. Tena chini ya siki kulikuwa na harufu nyingine, ya chuma, ya bucha lililofungwa joto likiwa ndani.

Mlangoni Idalina alisimama kusikiliza, kama desturi yake. Baba alikuwa anapumua. Kidogo.

Kisha akasikia sauti ya pili. Kama mtoto anayefyonza uboho wa mfupa. Mfwii. Kimya. Mfwii.

"Usigonge," Zulmira alimnong'oneza.

Akasukuma.

Dirisha lilikuwa wazi, jua jeupe kitandani. Abílio alilala kifudifudi, shati limepandishwa. Mgongo wake haukuwa na mahali pa kuweka hata kidole. Duara juu ya duara, na ndani ya kila duara vitundu vidogo, vimepangika. Bilauri za kuumikia zilikuwa juu ya kabati. Kavu. Buibui alishatanda ndani yake.

Perpétua alipiga magoti kando ya kitanda. Kiganja chake cha kulia kilikuwa bapa mgongoni mwa mzee. Hakikusogea. Hakikuwa kinakanda.

Alikivuta. Kikang'oka kwa shida, na ngozi ya mzee ikafuata kidogo kabla ya kuachia. Akakigeuza juu ya bakuli la udongo sakafuni, akajikamua kwa mkono wa pili kuanzia kiwiko kuja chini, kama unavyokamua kiwele. Kikatapika. Bakuli likapokea.

"Amesinzia," alisema kwa upole, bila kugeuka. "Msimwamshe."

Zulmira ndiye aliyeruka. Alimdaka kifundo cha mkono, akaunyanyua juu kwenye jua la dirisha, tukauona sote: mimi, majirani, wageni, na mama wa ng'ambo ya kichochoro aliyekuwa anaanika mashuka. Katikati ya kiganja palikuwa na mdomo. Duara. Bila midomo ya juu wala chini. Meno pete juu ya pete, yamelowa. Ulifunguka. Ukafumba. Ukafunguka tena, kama samaki aliyetolewa majini, ukiutafuta mgongo.

Bwana wa Denmark alitapika ndani ya bilauri yake. Ilijaa weusi.

"Baba," Idalina aliita. Mzee alikohoa, akakunja vidole vyake juu ya shuka. Alikuwa hai.

Wanaume wawili wa ngazi walimshika Perpétua mabega. Hakushindana nao. Hakuona haya hata kidogo. Alimtazama Idalina kama mpishi anavyomtazama mlaji wake wa siku zote.

"Wewe ndiye unayeonja kwanza," alimwambia. "Leo chumvi ilitosha?"

 Idalina alikuwa ameshika shavu. Ndani ya kinywa chake ulimi ulikuwa umegusa kitu juu ya kaakaa, mahali palipokuwa laini asubuhi. Nukta ndogo, ngumu, yenye ncha. Na kando yake nyingine. Na nyingine, zikizunguka kama pete ya meno.