Maduara Meupe Mgongoni mwa Orvokki

Barafu ndani ya ndoo ya sauna, mwezi wa Juni! Sisi watu wa jimbo la Savo tunasifika kwa kupindisha maneno, lakini hili nimelinyoosha kama rula. Anayebisha akaitazame ndoo ya Urho Tossavainen, ufa ungalipo.

Jumamosi hiyo Urho na mkewe Orvokki walikoga mvuke ndani ya sauna, kile kibanda chao cha mawe ya moto, wakatoka, wakamwachia mzimu mwenye sauna mvuke wa mwisho, kama wazee walivyowafundisha. Wako kibarazani wanakausha nywele, wakasikia huko ndani maji yakimwagwa juu ya mawe ya moto. Tssss.

"Leo mwenyewe ana hamu," Orvokki akacheka.

"Mwache aoge. Si ndiye anatulindia nyumba?"

Mtu wa kwingine angetimua mbio. Wao walifurahi, wakachoma soseji. Asubuhi wakakuta kata imegandia ndani ya ndoo.

Urho hakujali, alikuwa na gemu yake ya kompyuta. Zamani aliendesha lori la magogo, goti likamstaafisha, na gemu ikawa inamtembeza anga zima akiwa amekaa kitako. Kazi yake humo ilikuwa kutafuta sayari zenye uhai, na kwa kazi hiyo, nakwambia, hakuwa na mpinzani kuanzia mji wa Kuopio mpaka nyota zinapoishia. Wenzake walitua ovyo juu ya kila jiwe. Yeye alichagua: iwe ndogo, baridi, hewa nyembamba, ukingo wake una ukungu wa samawati. Halafu anafumba macho na kuisikiliza kwenye kipimo. Sayari mfu huvuma kama chupa tupu. Yenye uhai huchakacha. Juma lililotangulia alikuwa ameipata moja iliyotoa sauti ya maji juu ya mawe ya moto. Akatua, akachukua sampuli tatu za kiumbe mfano wa kuvu jeupe, maana gemu haikubali pungufu ya tatu za aina moja. Na kwa kuwa anayefika wa kwanza ndiye anayeipa sayari jina, akaiita Koivula. Jina la nyumba yake mwenyewe!

Jumatatu Orvokki akaanza kutetemeka. Jua linawaka mpaka usiku, naye yuko mezani na koti la manyoya. Urho akamwita shangazi yake Hilja, mpiga chuku, bibi ambaye vikombe vyake vimenyonya damu chafu ya nusu ya wilaya. Hilja akamvua Orvokki shati, kisha akavirudisha vikombe mkobani. Na Hilja kurudisha vikombe, hilo peke yake linatisha.

"Nani kakupiga chuku kabla yangu?"

"Hakuna, shangazi."

"Usinifiche, mwanangu, sina wivu."

"Hakuna mtu, nakuapia!"

Chuku huacha duara jekundu. Mgongoni mwa Orvokki palikuwa na maduara mawili meupe, moja begani, moja kiunoni, na juu yake barafu nyembamba ilimeta bila kuyeyuka.

Urho akaishikilia meza. "Mawili," akanong'ona. "Anatafuta la tatu."

"Nani?"

"Huyo wa sauna. Siye mwenyewe tuliyemzoea, shangazi. Ni yule niliyemfuata huko kwenye sayari ya gemu. Anatupima kama nilivyompima."

"Na wewe ukishapata la tatu, kile kiumbe huwaje?"

"Sijawahi kugeuka nyuma nikatazama."

Orvokki akaanza kulia kimyakimya. Hilja akamzaba mpwa wake kofi la kisogoni. "Tumia akili, mjinga wewe! Mchezo ni wako. Unaharibikaje?"

"Ukipima kiumbe cha aina nyingine katikati... mbili za mwanzo zinafutika."

Ndipo wakakumbuka chachu. Orvokki alirithi kwa bibi yake chachu ya mkate mweusi, kitu kilicho hai, kinachopumua na kunguruma ndani ya pipa, na alikuwa ameigawia mtaa mzima. Wakaikanda kwa unga na maji moto mpaka ikawa na joto la mwili, wakaivika gauni la kulalia la Orvokki, wakailaza kwenye benchi la sauna.

Wakajibanza nyuma ya mlango. Wakaanza kusikia harufu ya chuma kilicholala nje majira ya baridi, halafu maji yakamwagika ingawa hakuna aliyeishika kata, tssss, na badala ya joto ukatoka ubaridi ukipita chini ya mlango, ukipanda miguuni mwao, ukitafuta, ukimgusa Orvokki kifundoni na kusitasita kama mkono wa kipofu usoni mwa mgeni, mpaka Urho akauma ngumi asipige kelele, kisha ukarudi ndani polepole kuelekea kwenye benchi, na gauni likasikika likifunuliwa.

Walipofungua, unga ulikuwa na duara jeupe katikati. Mgongo wa Orvokki ulikuwa umerudi rangi yake.

Alhamisi Hilja akapiga simu: chachu yake, aliyopewa na Orvokki, ina duara. Ijumaa jirani wa ng'ambo akaja na bakuli lake la chachu, analalamika kwamba nayo ina duara.

"Basi tatu zimetimia!" Orvokki akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Kashiba mkate, ataenda zake."

Urho hakucheka.

"We bwana, mbona hivyo? Wewe ulipomaliza zako kule, si uliondoka?"

"Niliondoka."

"Enhe!"

"Nikaenda kuwatangazia wenzangu. Sayari yenye uhai haiachwi, mke wangu."

Jumamosi hawakuwasha sauna. Jioni, jua likiwa juu ya miti ya birchi, wakasikia maji yakimwagika. Tssss. Halafu tena. Halafu mabenchi yakaanza kulia, la chini, la kati, la juu, kama wageni wengi wanaposogeleana ili waliobaki nje nao wapate pa kukaa.