Mabuti ya Mjomba Shimba

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Suzana alimvalisha mjomba wake. Mjomba Shimba alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, mdogo wa mama yake. Alizaliwa na ulemavu wa akili, na mambo mengi aliyaelewa polepole. Aliketi kitandani akanyoosha mikono, Suzana akamfunga vifungo vya shati. Alinyoosha miguu, Suzana akamvisha mabuti ya mpira. Kufumba na kufumbua kazi imekwisha, na majirani wa pale Igoma walimsifu Suzana kwamba ana huruma kuliko watu wazima.

Kumbe hakutakiwa kufanya hivyo.

Bwana Venant alikuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wenye ulemavu shughuli za kila siku, kama kuvaa, kunawa na kupika, hata kazi ya kujipatia riziki. Wataalamu wa aina yake ni wachache, naye alihudumia Mwanza na ng'ambo kule Sengerema, hivyo kwao alifika mara moja tu kwa mwezi. Safari iliyopita alimwambia Suzana, "Mjomba akivaa, wewe mwangalie tu. Akikwama, mwonyeshe kwa kidole. Usimshikie."

Suzana alijaribu. Lakini Mjomba Shimba na buti moja wangeweza kushindana mpaka chai ipoe, na mwalimu wa zamu hasubiri mtu. Tena alimhurumia akimwona anahangaika. Basi akamvalisha, akijiambia kwamba wataanza kesho. Kesho hiyo haikufika.

Bwana Venant aliporudi, aliuliza, "Suzana, mjomba anavaa mwenyewe sasa?"

"Ndiyo, anavaa," Suzana alijibu, akitazama pembeni.

"Vizuri sana. Basi twendeni kwa Mzee Nurudin. Anatafuta mtu wa kulisha kuku na kuokota mayai."

Mjomba Shimba alipenda kuku kupita kiasi. Njia nzima alicheka peke yake. Mama Suzana naye alivaa kitenge chake kizuri, maana siku zote alijiuliza ndugu yake ataishije siku yeye akiwa hayupo.

Njia ya mwongo ni fupi. Walipofika bandani, Mjomba Shimba aliamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu," alijibu Mzee Nurudin, akaleta mabuti. "Humu haingii mtu na viatu vya nje, vinaleta magonjwa. Vaa haya."

Mjomba Shimba akaketi kwenye benchi. Akanyoosha miguu yote miwili, akamtazama Suzana, akasubiri.

"Bwana Venant," Mzee Nurudin alisema kwa upole, "alfajiri huwa niko peke yangu hapa. Sitaweza kumvalisha."

"Shimba hapati kuku?" Mjomba aliuliza.

Suzana aliumia moyoni, machozi yakamtoka. "Kosa ni langu," alisema. "Nilidanganya. Mimi ndiye ninayemvalisha kila siku. Sikumpa nafasi ya kujaribu."

Mama alitaka kufoka, lakini Bwana Venant akamtuliza. "Hata mimi nina kosa, mama. Nilimwachia mtoto kazi ya watu wazima, kisha nikaondoka." Akamgeukia mwenye banda. "Mzee, tunaomba utusubiri mpaka nitakaporudi."

"Kuku hawa hawahami," alijibu Mzee Nurudin. "Nendeni mkamzoeze."

Tangu siku hiyo mama na Suzana waliamka mapema zaidi, wakakaa pamoja na Mjomba. Suzana aliikalia mikono yake isije ikamponyoka. Mjomba alivaa buti la kulia mguu wa kushoto. Alikasirika, akalirusha uvunguni. Siku nyingine alilia, Suzana naye akalia, lakini hakumshikia. Alimwonyesha kwa kidole tu. Asubuhi moja buti likaingia, la pili likafuata, na Mjomba Shimba akazunguka ua mzima akiwaonyesha hata mbuzi.

Bwana Venant alipokuja tena, walirudi bandani. Mjomba alivaa taratibu, watu wote wakingoja. Suruali ilijikunja ndani ya buti moja, Suzana akainama ainyooshe. Mjomba akauondoa mkono wake polepole.

"Acha, Suzi. Mimi mwenyewe."

Aliinyoosha, Mzee Nurudin akamfungulia mlango na kumkabidhi kikapu cha mayai.

Mama akamshika Suzana begani. "Ulimpenda mjomba wako tangu mwanzo, mwanangu, hilo silikatai. Lakini mtu ukimfanyia kila kitu, unamnyang'anya utu uzima wake. Na ule uongo wako, aliyekaribia kuumia ni yeye."

"Nimeelewa, mama," alisema Suzana, akapiga hatua kumfuata Mjomba ndani.

Mjomba Shimba akageuka mlangoni. Akazitazama kandambili za Suzana.

"Huna mabuti," alimwambia. "Subiri nje."

Suzana akasubiri nje, kama alivyoambiwa na mkubwa wake.