Picha Yangu na Mama

Jioni ile nilitoka kwenda kununua rimoti ya kamera. Basi. Mpiga picha kununua rimoti si habari, ni kama mshonaji kununua uzi.

Ila sikuitafuta kwa ajili ya kazi. Niliitafuta kwa ajili ya mama.

Nyumbani wananiita Dada Picha. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na tangu nishike kamera sijawahi kukaa mbele yake. Harusi ya mdogo wangu wa kiume nilipiga mimi. Mahafali ya mdogo wetu wa mwisho, mimi. Mazishi ya baba, mimi tena, nalia huku nafuta machozi yasidondokee lenzi. Fungua albamu zetu utawaona wote, mpaka paka. Mimi labda uone kivuli changu ukutani. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema, "Dada, lete nikupige na wewe." Wanasema, "Aa, sisi hatuyajui hayo makamera yako." Watu wenye simu za bei mbaya mfukoni!

Sasa daktari alikuwa ametuambia mama tumrudishe tu nyumbani, tukae naye. Wote tulielewa. Na mimi sikuwa na picha hata moja na mama yangu. Nilitaka moja, moja tu, kabla hajaondoka.

Dukani nilimkuta yule mzee tunayemwita Mzee Miwani, anataka kufunga. Aliponisikia akanipangia rimoti tatu juu ya kioo.

"Hii ya waya. Unachomeka, unabonyeza. Haina maneno."

"Waya utaonekana kwenye picha, mzee. Nitakuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba."

"Haya, hii ya miale. Unaielekeza kwenye kamera kama rimoti ya televisheni."

"Halafu nitoke nimenyoosha mkono kama naomba?"

Alicheka kidogo. Ya tatu hakuisifia. Ilikuwa ndogo, nyeusi, inaenea kiganjani, na haikuwa na boksi.

"Hii inatumia mawimbi, kama redio. Hii unaificha mkononi, na mwenzake huyu anakaa juu ya kamera. Ila ni ya mtumba."

Nikaichukua. Pembeni ya kitufe kulikuwa na rangi ya kucha iliyoganda, nyekundu. Sijui kwa nini, nikainusa. Ilinuka nguo zilizokaa sandukuni miaka na miaka.

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya mpiga picha. Mwanamke, kama wewe." Akashusha sauti. "Mwanangu, chukua ya waya. Ya waya unajua mwisho wake kuna mkono wa nani."

Nikajua ananipiga porojo ya biashara. Lakini ile ya waya ndiyo iliyokuwa ya bei ya chini kuliko zote. Hilo nilikuja kulifikiria baadaye, wakati halina faida.

Nikachukua ya mtumba. Kwa ajili ya urembo! Eti waya usionekane.

Kesho yake jua likiwa linazama nilisimamisha kamera kwenye stendi chumbani kwa mama. Tulimkalisha kwenye kiti chake karibu na dirisha, tukamfunga kitambaa kichwani. Kwanza nilimpiga na wadogo zangu, kama kawaida. Nikawaambia wakae pembeni.

"Hii ni mimi na mama tu."

"Ehee! Leo Dada Picha naye anataka kuwa staa," akasema mdogo wangu wa kiume. Wakacheka. Wakainamia simu zao.

Nikavuta stuli, nikakaa ubavuni kwa mama mpaka magoti yakagusana. Nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi na wa baridi. Rimoti nilikuwa nayo kwenye kiganja cha pili, kidole gumba hakijafika kwenye kitufe. Nilikuwa bado najipanga uso.

Tik.

Kamera ikapiga.

Nikatazama kiganja changu. Sikubonyeza. Naapa sikubonyeza...

Ile harufu ya sandukuni ikanijia puani, nzito. Mama akaniinamia sikioni.

"Mwambie mwenzako atoe mkono begani kwangu. Mzito."

"Mwenzangu yupi, mama?"

"Huyo hapo katikati yetu."

Katikati yetu hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na nafasi ya mtu.

Nikainuka, nikaiendea kamera, nikaitazama picha kwenye kioo chake kidogo. Mama alikuwa anacheka, mama ambaye hajacheka tangu tumzike baba. Kwenye stuli yangu alikaa mwanamke. Gauni lilikuwa langu. Kilemba kilikuwa changu. Mkono wenye kucha nyekundu ulikuwa begani kwa mama.

Uso haukuwa wangu.

Usidhani lilikuwa jitu la kutisha. Afadhali lingekuwa. Ilikuwa sura ya mwanamke tu, mashavu ya mviringo, meno yenye mwanya, ametabasamu kama aliyefika mahali alipokuwa anapatafuta.

Nikawaita wadogo zangu. Wa kiume akachungulia.

"Umetoka bomba, dada."

"Kumbe ukicheka unapendeza hivi?" akasema wa mwisho. "Mbona hutuchekei?"

"Angalieni vizuri! Huyo si mimi!"

Wakatazamana. Ule mtazamo wa kumhurumia mtu aliyechoka. "Dada, nenda kapumzike," wakaniambia. Ndugu zangu wa damu! Maisha yao yote nimewatazama wao, nani shavu lake zuri, nani afumbe mdomo. Wao hawakuwahi kunitazama. Wangenijuaje?

Nikabaki na mama. Huyu amenizaa, nikasema, huyu hawezi kukosea. Nikamsogezea kamera karibu. Aliitazama picha kwa muda mrefu. Kidole chake kikapapasa lile shavu la mviringo.

"Mwanangu," akasema, "siku zote nilitamani ucheke hivi."

Tangu siku hiyo mama hakunitaka. Nikimnywesha maji anageuza uso. Anatazama mlangoni.

"Niitie binti yangu."

"Mama, ni mimi. Niko hapa."

"Wewe ni mpiga picha," alinong'ona. "Niitie binti yangu."

Jamani. Nimetukanwa na wateja, nimedhulumiwa na maharusi, lakini neno hilo lilinikata maini. Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Kamera ilibaki palepale kwenye stendi, nimeizima. Kila nikitaka kuiondoa mama alipiga kelele. Jioni moja sikuvumilia tena. Nikaitia rimoti kwenye mkoba, nikaenda kuirudisha. Kwa haraka zangu nikamsahau mwenzake juu ya kamera.

Mzee Miwani aliponiona hakunikaribisha.

"Imefanya nini?"

"Inapiga yenyewe."

"Bonyeza nione."

Nikabonyeza. Kitaa chake chekundu kikapepesa mara moja.

"Mbona nzima," akasema. "Na hapa haipigi chochote. Nguvu yake ni ya chumba kimoja tu."

"Mzee, yule mwanamke alikuwa nani?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Alikuja kama ulivyokuja wewe. Alitaka picha moja na mama yake. Mama mtu akafa yeye akiwa bado njiani anaipeleka rimoti nyumbani. Baadaye na yeye akafa. Ndugu zake walipotafuta picha yake ya kuweka msibani..." Akaitazama ile rimoti. "Hawakuipata hata moja. Walikuja kuniuliza mimi, muuza duka."

Nikamsukumia rimoti. Akairudisha upande wangu kwa ncha ya kalamu, hakutaka kuigusa.

"Siipokei tena, mwanangu. Nisamehe."

Nilirudi nyumbani karibu nakimbia. Mlangoni nilisikia kilio. Mdogo wangu wa mwisho akanirukia, akanikumbatia.

"Mama ameondoka, dada... Tulikuwa sebuleni tunawasikia mnavyocheka. Tukasema tusiwaingilie. Halafu kukawa kimya."

"Mliwasikia akina nani?"

"Wewe na mama."

Mdogo wangu wa kiume akanipigapiga mgongoni. "Tushukuru, dada. Afadhali ulikuwa naye mpaka dakika ya mwisho. Ameondoka anacheka."

Mkoba ulikuwa begani kwangu. Viatu vimejaa vumbi la barabarani. Hawakuona.

Nikaingia chumbani. Mama alikuwa amelala, uso umekunjuka, mkono mmoja ameuacha juu ya blanketi, vidole vimejikunja kama vimeshika vidole vya mtu. Niliushika. Mkono mzima ulikuwa umeanza kupoa, isipokuwa kiganja. Kiganja kilikuwa na joto. Na chumba kizima kilikuwa na ile harufu ya sandukuni.

Kwenye stendi, juu ya kamera niliyoizima mwenyewe, kitaa cha yule mwenzake wa rimoti kilikuwa kinapepesa.

Nikaiwasha. Palikuwa na picha moja mpya. Mama kitandani, na yule mwanamke amemwinamia, paji la uso kwa paji la uso, mikono imeshikana, wote wawili wanacheka. Picha safi. Mwanga wa dirisha umekaa vizuri, macho yametoka wazi bila ukungu. Kazi yangu naijua hata ukiniamsha usingizini. Nikatazama saa iliyoandikwa pembeni. Ni wakati ule niliokuwa dukani, Mzee Miwani ananiambia bonyeza nione.

Nilibonyeza mimi.

Wadogo zangu wakaja, wakachungulia juu ya bega langu, wakaanza kulia upya.

"Hii ndiyo tuikuze ya msibani," akasema wa kiume. "Umetoka vizuri sana, dada."

Wa mwisho akafuta machozi, akaisogelea zaidi. Kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu, mtu akauliza.

"Nani kaipiga?"

"Mimi," nikasema.

Hilo waliliamini.